Kupima Madhara ya Dawa za Kuacha Tumbaku

Wako watu wengi waliokwisha kukata shauri kuacha sigara, na shauri lao ni la kweli, lakini wakisikia habari za dawa za kuwasaidia hurudi nyuma. Husema, "Sigara naijua, dawa siijui." Neno hili si la kipumbavu, wala hatupendi kulicheka; maana kila dawa yenye nguvu ina taabu zake, na mwenye akili huuliza kabla ya kumeza. Basi katika somo hili twataka kuonyesha jinsi ya kuuliza, ili mwalimu wa kijijini ajue la kujibu mtu amjiapo na shaka hiyo.

Kwanza yatupasa kuitazama mizani yenyewe. Wengi huweka dawa katika kitanga kimoja, na katika kitanga cha pili huweka uzima mkamilifu. Kisha huona ya kuwa dawa ni mbaya. Mizani hiyo ni ya uwongo. Mvutaji hachagui kati ya dawa na uzima mkamilifu. Achagua kati ya dawa ya majuma machache na sigara ya miaka mingi. Huko Uingereza, Richard Doll na wenziwe waliyafuata maisha ya madaktari wanaume, wavutaji na wasiovuta, tangu mwaka 1951. Walipotoa hesabu ya miaka 50, katika mwaka 2004, ilionekana kwamba wavutaji wa sigara hufa kabla ya wenzao kwa kadiri ya miaka 10. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alipata kama miaka 3. Wa miaka 50 alipata 6. Wa miaka 40 alipata 9. Na aliyeacha akiwa na miaka 30 aliepukana karibu na hasara yote. Kichefuchefu cha mwezi mmoja sharti kipimwe na hayo.

Tena liko jambo lisahauliwalo mara nyingi: kuacha sigara kwenyewe, bila dawa yo yote, kuna taabu. Mwili uliozoea nikotini huidai. Mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, moyo huwa mzito, hawezi kutulia wala kukaza mawazo, na njaa humwandama. Taabu hizi huzidi katika juma la kwanza, kisha hupungua kwa muda wa majuma mawili mpaka manne. Sasa mtu aliyeanza vidonge na kuacha sigara siku zile zile, akikesha macho wazi, husema, "Dawa hii imeniharibia usingizi." Huenda ni dawa, huenda ni kule kuacha. Yeye peke yake hawezi kujua, wala jirani yake hawezi. Ndiyo sababu wenye elimu huwagawanya watu mafungu, wengine wakipewa dawa, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, wala mtu hajui amepewa kipi. Taabu zitokeazo sawasawa katika mafungu yote si za dawa.

Njia hiyo ilitumika kwa vareniklini, dawa iliyowaogopesha watu kuliko zote, na habari yake yafaa kuelezwa kwa urefu. Ilipewa ruhusa Marekani mwaka 2006. Hushika mahali pale pale katika ubongo panaposhikwa na nikotini, lakini haiamshi kwa nguvu ile. Hivyo hupunguza hamu, na mtu akivuta, sigara haimpi tena raha aliyoizoea. Haukupita muda mrefu zikaanza kufika taarifa za watu walioitumia wakapatwa na huzuni kuu, ghadhabu, hata mawazo ya kujiua. Mwezi wa Julai 2009 idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa iliamuru onyo kali kuliko yote liandikwe katika maelezo ya vareniklini, na ya bupropioni pia. Kwa maoni yetu walifanya vema, maana asiyejua bado hana budi kuonya. Lakini taarifa za mmoja mmoja hazikuweza kutenga dawa na uchungu wa kuacha, wala na ugonjwa aliokuwa nao mtu tangu zamani.

Ikafanywa kazi kubwa katika nchi 16, watu zaidi ya 8,000, kama nusu yao wakiwa wamepata kuugua magonjwa ya akili. Matokeo yalitolewa mwaka 2016 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Kati ya wasio na ugonjwa wa akili, waliopatwa na taabu kubwa za nafsi walikuwa kama 13 katika 1,000 kwa vareniklini, na 24 katika 1,000 kwa kidonge kitupu. Kati ya wenye ugonjwa wa akili, walikuwa kama 65 kwa vareniklini na 49 kwa kidonge kitupu. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoileta. Msomaji na aangalie: kilichoongeza hatari kwa wazi ni ugonjwa wa tangu zamani, hata kwa wale wasiomeza dawa yo yote. Desemba 2016 lile onyo kali likaondolewa. Hata hivyo shauri la kumwangalia mtu halikuondolewa. Nduguze wakiona amebadilika kwa namna isiyo yake, na aache vidonge na kumwona daktari mara moja.

Na faida je? Katika kazi hiyo hiyo, walioacha kabisa tangu juma la 9 mpaka la 24 walikuwa kama 22 katika kila 100 kwa vareniklini, 16 kwa bupropioni, 16 kwa plasta ya nikotini, na 9 kwa kidonge kitupu. Vareniklini iliongeza zaidi ya mara mbili. Lakini tusifiche kwamba wengi walirudi, hata wenye dawa iliyo bora.

Taabu za kawaida za vareniklini ni kichefuchefu, kiwapatacho kama watu 3 katika 10, na ndoto za ajabu. Kumeza baada ya kula, pamoja na bilauri nzima ya maji, husaidia sana. Tena daktari aweza kupunguza kipimo. Mtu asipunguze kwa shauri lake mwenyewe.

Bupropioni ina hatari nyingine. Yaweza kuleta degedege, kama kwa mtu 1 katika 1,000. Kwa hiyo mwenye kifafa asipewe kabisa, wala mlevi aachaye pombe kwa ghafula. Mtu asione haya kumwambia daktari habari za pombe. Akificha, ajihatarisha mwenyewe.

Nikotini ya plasta au ya kutafuna ni nyepesi zaidi. Plasta huwasha ngozi, basi ibandikwe mahali papya kila siku; ikileta ndoto mbaya, ivuliwe usiku. Ile ya kutafuna haitafunwi kama pipi: hutafunwa kidogo, kisha huwekwa shavuni, maana mate yake yakimezwa mengi huleta kwikwi na kiungulia. Mwenye mimba, au mwenye ugonjwa wa moyo, aulize kwanza.

Limebaki neno moja lisilosemwa sana. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liziharibu upesi dawa fulani, kama theofilini ya pumu na klozapini ya ugonjwa wa akili. Moshi ukikoma, dawa hizo hukaa mwilini kwa wingi kuliko kwanza, na kipimo cha jana chaweza kuwa kikubwa mno leo. Kwa hiyo atumiaye dawa hizo amwambie daktari kabla ya siku ya kuacha. Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Aliyezoea vikombe vinne na anywe viwili, kabla hajakilaumu kidonge kwa kukosa usingizi.