SOMO: MTAMBO WA UPEPO ULIODUMU KWENYE BARAFU



Huenda siku moja utafikiwa na mtu anayeuza mitambo midogo ya upepo ya kutoa umeme wa nyumbani. Atakuonyesha picha nzuri, na pengine atakusimulia habari ya mtambo uliokaa katika nchi ya barafu miaka mingi bila kuanguka. Habari hiyo ina mafunzo makubwa. Lakini yafaa ujue inathibitisha nini, na nini haithibitishi, kabla hujatoa fedha za maziwa, hasa ikiwa bado unalipa mkopo wa shamba.

Wana wa mkulima

Mtambo huo ulibuniwa na watu wa shamba kama wewe. Katika miaka ya 1920, Marcellus Jacobs na ndugu yake Joe walikaa katika shamba la wazazi wao karibu na Vida, jimbo la Montana, nchi ya Marekani. Nyaya za umeme hazikufika huko, na mafuta yalitoka mjini, mbali sana. Upepo, lakini, walikuwa nao tele.

Kwanza walijaribu gurudumu la kinu cha kuvuta maji, lile lenye mapanga mengi, wakaona lazunguka polepole mno kwa kazi ya dainamo. Wakaliacha, wakatengeneza mapanga ya mbao kwa mfano wa panga la eropleni. Mapanga yakiwa mawili, mtambo ulitetemeka kila upepo ulipobadili njia. Walipoweka matatu, ukatulia. Baadaye walifungua kiwanda mjini Minneapolis, wakauza maelfu ya mitambo kwa wenye mashamba.

Safari ya Ncha ya Kusini

Mwaka 1933 Admirali Richard Byrd wa Marekani alifunga safari yake ya pili kwenda Antaktika, bara la barafu lililo kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Alichukua mtambo mmoja wa Jacobs, ukasimamishwa juu ya mnara katika kambi iliyoitwa Little America. Mwaka 1935 safari ilikwisha, watu wakarudi kwao, mtambo ukabaki peke yake.

Watu wa safari nyingine walipofika hapo mwaka 1947, theluji ilikuwa imepanda na kufunika sehemu kubwa ya mnara, lakini mapanga yalikuwa bado yanazunguka. Mwaka 1955 kampuni ilipata habari kutoka kwa mwana wa Admirali kwamba yangali yanazunguka. Kampuni iliitumia habari hiyo kuwashawishi wenye mashamba: ikiwa mtambo umestahimili baridi na dhoruba za huko bila fundi, je, kwako utashindwa?

Tupime maneno hayo

Hapana shaka habari hii inathibitisha kwamba mtambo uliojengwa vizuri hudumu. Kwa hiyo usinunue kitu chepesi kwa sababu ni rahisi. Muulize mwuzaji vipuri vinapatikana wapi, na mtambo hujizuia namna gani upepo unapokuwa mkali kupita kiasi.

Lakini kuna mambo matatu ambayo habari hii haithibitishi.

Kwanza, haithibitishi kwamba kwako kuna upepo. Antaktika ni miongoni mwa nchi zenye upepo mkali kabisa duniani, na hakuna hata mti mmoja wa kuuzuia.

Pili, kuzunguka si sawa na kutoa umeme. Baada ya watu kuondoka, hakuna aliyewasha taa kwa mtambo ule. Mapanga yaweza kuzunguka polepole mchana kutwa, nayo betri isipate kitu.

Tatu, haithibitishi kwamba upepo ndio njia rahisi kwako. Huko Marekani, mwaka 1935 serikali iliunda idara ya kupeleka umeme mashambani. Nyaya zilipofika, wakulima wengi waliacha mitambo yao, na kufikia mwaka 1960 kiwanda cha Jacobs kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo linganisha gharama ya upepo na ya sola, na ya nyaya za umeme ikiwa ziko karibu.

Pima upepo wako

Nguvu ya upepo haiongezeki kama watu wengi wanavyodhani. Upepo wa kilomita 20 kwa saa hauna nguvu mara mbili ya upepo wa kilomita 10. Una nguvu mara nane, yaani 2 mara 2 mara 2. Ndiyo sababu tofauti ndogo kati ya shamba lako na la jirani aliye kilimani yaweza kuwa kubwa katika betri. Hata hapa Kenya mitambo mikubwa haikusimamishwa popote tu. Ile ya kwanza ya Ngong, mwaka 1993, iliwekwa juu ya vilima, na ile 365 ya Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, iliwekwa penye upepo usiochoka.

Simamisha mti mrefu penye uwazi, funga kitambaa chepesi juu yake. Kila siku asubuhi, adhuhuri na jioni, andika katika daftari unachokiona:

1. Moshi wapanda wima au wainama kidogo tu: upepo huo haufai kitu.
2. Majani na vijiti vyatikisika bila kukoma, na kitambaa chanyooka: ni kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Hapo ndipo mitambo midogo mingi huanza kazi.
3. Vumbi na karatasi zapeperuka: ni kama kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Huo ni upepo mzuri.

Mpe kazi hiyo kijana anayesoma shule, naye ataifanya vyema. Usipime mwezi mmoja tu, maana kuna majira ambayo upepo hulala. Daftari la mwaka mzima ndilo shahidi wa kweli.

Mnara na betri

Mapanga yawe juu ya miti na mapaa. Kanuni ya mafundi ni kwamba ncha ya chini ya mapanga ipite kwa mita 9 kila kitu kilicho ndani ya mita 100. Kumbuka kwamba miti uliyopanda mwaka huu itakua. Usifunge mtambo juu ya paa la nyumba, kwani upepo wa hapo huvurugika na kuta hutetemeka. Mnara ufungwe waya wa kupeleka radi ardhini.

Betri ndiyo ghala yako. Usiimalize yote, igeuze nusu ya nguvu yake kuwa akiba. Ikiwa ni ya kuongezwa maji, tumia maji maalumu ya betri, si ya kisimani. Iweke penye hewa, mbali na moto na watoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika chama

1. Tunatumia fedha ngapi kwa mwezi kwa mafuta ya taa, mishumaa na kuchaji simu?
2. Daftari letu laonyesha siku ngapi za upepo wa namba 2 au 3?
3. Nani karibu nasi ana mtambo kama huo, nasi twende tukauone siku isiyo na upepo mwingi?
4. Ukiharibika, fundi atatoka wapi?

Bwana na Bibi wakiyajibu maswali haya pamoja, hawatadanganywa na picha. Upepo ukiwapo, mtambo mzuri utawafaa miaka mingi. Usipokuwapo, fedha zenu zitabaki salama kwa kazi nyingine ya shamba.