Kinga ya Mwili Inapogeukia Figo

Msomaji, ukiamka macho yamevimba na mkojo wako una povu lisilotoweka upesi, usiseme ni baridi ya Molo tu. Huenda figo zako zinavujisha protini.

Chanzo kimojawapo ni lupasi, maradhi yanayowapata zaidi wanawake vijana. Kwa kawaida mwili hutengeneza kingamwili za kupigana na viini vya magonjwa. Katika lupasi, baadhi ya kingamwili hizo hushambulia mwili wenyewe, hata DNA inayobeba urithi wetu. Zikishikana nayo, hunasa kwenye vichujio vidogo vya figo, ambavyo ni kama milioni moja katika kila figo. Hapo huleta uvimbe, na vichujio vilivyojeruhiwa hupitisha protini na damu.

Hatari ni kwamba figo zinaweza kuharibika bila maumivu. Kwa hivyo, ukiwa na lupasi, au viungo vikiuma na mashavu kutoka vipele, mwombe daktari akupime mkojo, damu na presha. Kipimo cha mkojo huchukua dakika chache tu. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, dawa zaweza kuziokoa figo. Nawe usiziache dawa hizo eti kwa kuwa umepata nafuu.