Upepo Kwanza, Pambo Baadaye

Pwani huingia Nyegezi, hapa Mwanza, kupitia stendi. Basi la Tanga au Dar es Salaam likishasimama na buti likafunguliwa, kati ya mabegi na viroba utaona mkeka uliovingirishwa na kufungwa kamba. Mwenyewe huupokea kwa mikono miwili. Kila nikiona hivyo hujiuliza mkeka ule unakwenda kutandikwa wapi, maana sebule zetu nyingi za huku zimejaa makochi makubwa na mapazia mazito, na madirisha yanashinda yamefungwa. Hazina pa kuupokea.

Wengi wetu Mwanza tunaipenda nyumba ya Kipwani. Tatizo ni pale tunapoanzia. Tunanunua makombe ya baharini, picha ya jahazi na kopo la rangi ya buluu, tukidhani Pwani imekwisha kufika. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zilijengwa ili kushindana na joto na kumpokea mgeni kwa heshima, na urembo ukazaliwa ndani ya kazi hiyo. Kuta nene za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa. Dari zilikaa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki upana mkubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Zidaka za Lamu, vile vishimo vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, zilibeba vyombo vya kaure kutoka China. Hata baraza ya nje ina kazi yake: mgeni anakaa, anapewa kahawa, na walio ndani hawasumbuliwi.

Basi tuanze na hewa. Nyegezi iko ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo ziwa liko magharibi yetu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na jua kali la alasiri linatoka upande huo huo. Ukiziba upande wa ziwa kwa kuogopa jua, umefukuza na upepo. Dawa yake ni kivuli: baraza yenye paa upande wa magharibi, au dirisha lenye vibao vilivyolala kwa mshazari, au ukuta wa matofali ya urembo yenye matundu. Kisha fungua dirisha jingine upande wa pili wa chumba, kwani upepo usio na pa kutokea hauingii. Weka na wavu wa mbu kila dirisha, kwani malaria tunayo.

Rangi ya ukuta ndipo ninapotaka tukae kidogo. Weupe wa Pwani ni wa chokaa, na chokaa haing'ai kama rangi ya mafuta. Inaupokea mwanga na kuulaza. Bei yake ni nafuu, lakini haitaki haraka. Ukuta wenye rangi ya mafuta au ya plastiki hauishiki, hivyo ukwangue kwanza hadi plasta. Nunua chokaa ya mfuko iliyokwisha zimwa, uimimine kwenye maji ukikoroga, uiache ilale usiku mzima, kisha uichuje kwa kitambaa. Mafundi wengi huongeza chumvi kidogo ili ishike. Asubuhi lowesha ukuta, paka mkono mwepesi kama maziwa yaliyochanganywa na maji, uache ukauke, ndipo urudie mara mbili au tatu. Mkono wa kwanza hauonekani kitu ukiwa mbichi, na wengi hapo hukata tamaa wakaongeza uzito. Ukipaka nzito itabanduka magamba. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali, maana chokaa inaunguza ngozi na inaweza kuharibu jicho.

Chokaa ina tabia moja: humwachia mtu vumbi jeupe mgongoni. Dawa yake ni kutundika mkeka ukutani nyuma ya baraza. Hapo ndipo mkeka wako wa stendi unapopata pa kukaa. Nilipoutundika wangu hivyo, niliuona kwa mara ya kwanza: ukili mmoja, yaani mkanda uliosukwa, umeshonwa na mwingine kwa mshono usioonekana, na rangi ya zambarau ya kila ukili imekutana na ya mwenzake bila kupishana hata unene wa uzi. Ukiwa sakafuni sikuwahi kuyaona hayo. Usiuweke panapopigwa na jua moja kwa moja, utapauka. Uvingirishe, usiukunje. Ukishika unyevu wakati wa masika, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo na uukaushe kivulini, kabla kuvu halijaingia.

Makombe na matumbawe tuyaache baharini, ndimo wanamoishi viumbe wengine. Mikoko nayo inalindwa kisheria, na hatuihitaji. Milango mingi ya Zanzibar ilichongwa kwa mtiki na hata mfenesi, kwa hiyo seremala wako wa huku akikuchongea fremu ya mninga au mvule yenye maua pembeni hajakudanganya. Na mafunjo yanaota hapa hapa ziwani. Mkeka wa mafunjo kwenye sebule nyeupe unapendeza sana.

Baraza ijenge kwa mawe, maana mawe ndiyo mali yetu. Kimo cha sentimita 40 hadi 45 kinamtosha mtu mzima, na kina cha sentimita 50 au 60 kinamruhusu ajiegemeze. Uso wake uinamie nje kidogo ili maji ya mvua yasituame. Kama kiwanjani kuna mwamba, usiupasue. Uegemeze baraza ubavuni mwake, upande usiopigwa na jua la jioni, kwa sababu jiwe lililoshinda juani hubaki moto hadi usiku. Lakini wewe unayejenga mlimani, tafadhali usichimbe udongo ulio chini ya jiwe kubwa ili kupata nafasi. Udongo ule ndio unaolishikilia. Na mwenye kiwanja karibu na maji akumbuke Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa si mahali pa kujenga.

Ndani, punguza vitu. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu, kochi moja la mbao lenye mito, sinia la shaba, chetezo cha udi, vinatosha. Chumbani, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, chonga kitanda cha besera chenye nguzo nne. Ni kizuri, na nguzo zake zinabeba chandarua vizuri kuliko misumari ya darini.

Kanga inafaa sana kwa pazia. Doti moja inakupa vipande viwili, yaani dirisha moja. Ifue kwanza peke yake, kwani pamba hunywea na rangi ya mwanzo huchuja. Itundike jina likisomeka, na usome kabla hujanunua. Kanga husema. Jina la mafumbo ya ugomvi likitundikwa sebuleni, mgeni atadhani ni yeye. La "Mgeni njoo mwenyeji apone" halimuudhi mtu.

Taa zetu zina adui ambaye Pwani hawamjui: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufuata mwanga. Fanusi ya barazani itundike mbali na mlango, na siku wakija uizime, uwashe moja tu kule uani.

Mwisho panda mwasumini, ila usiupande upande wa ziwa. Ua lake hutoa harufu usiku, na usiku upepo wa Nyegezi hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda majini. Uweke mashariki, chini ya dirisha la chumba cha kulala.