SOMO: BASTOLA YA KUBEBA CHINI YA SHATI



Mwenzetu mmoja wa Midia, ambaye hutoka zamu saa nne za usiku na kurudi kwao kwa baiskeli, ametuuliza swali ambalo wengi huliuliza kwa kunong'ona: mfanyakazi akitaka bastola ndogo ya kubeba kila siku chini ya shati, achague ipi? Hatumcheki. Njia ile ya usiku twaijua, na siku ya mshahara wezi nao waijua. Basi na tulijibu swali lake kama tunavyojibu la mashine yoyote: yafanyaje kazi, yamtaka nini anayeitumia, na ajali ikitokea anaumia nani.

Bastola ni za namna mbili. Ya kwanza ni rivolva, yenye silinda inayozunguka na risasi 5 au 6. Haina mambo mengi, wala haikwami ovyo, lakini kifyatulio chake ni kizito na kujaza risasi upya huchukua muda. Ya pili hulishwa risasi kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mpini. Makarov ya Kisovieti ni ya namna hii: huchukua risasi 8, uzito wake gramu 730 hivi, na ubavuni ina kitufe cha usalama. Glock 19 ya Austria huchukua 15, nayo ikiwa tupu ni kama gramu 600, lakini kitufe cha ubavuni haina; usalama wake umo katika kifyatulio chenyewe na ndani ya mashine. Kwa hiyo hubebwa katika ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Anayeitia mfukoni pamoja na funguo anajitafutia risasi ya paja.

Watu hudhani iliyo ndogo kuliko zote ndiyo bora, kwa kuwa yafichika. Kweli yafichika, lakini mpini wake mfupi haushikiki vizuri, nayo huruka mkononi kwa nguvu. Basi bastola inayofichika vizuri zaidi ndiyo ngumu zaidi kulenga, na yataka mazoezi mengi kuliko ile kubwa. Risasi za mazoezi hununuliwa kwa fedha, tena si mara moja. Jasho nalo hula chuma. Silaha inayokaa ubavuni mwa mtu anayeinua magunia yataka kufutwa na kutiwa mafuta mara kwa mara.

Na huyu anayeinua magunia ataiweka wapi? Getini mlinzi humpapasa kila mtu. Atalazimika kuiacha nyumbani, katika chumba kimoja cha laini analalamo pamoja na watoto. Hapo ile bastola ya kila siku imekuwa bastola ya chini ya godoro, na anayeijua vizuri zaidi ni mtoto wa miaka sita.

Sasa sheria. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 yamkataza raia kununua au kuwa na bunduki au bastola bila cheti. Maombi hupitia kwa viongozi wa mtaa na polisi wa wilaya kabla ya kufika juu, na mwombaji hupimwa kama anafaa. Mwaka 2018 Rais Museveni aliagiza kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, ili risasi iliyookotwa iweze kumtaja mwenyewe. Basi atakayeletewa ya bei rahisi kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo au Sudan Kusini, ajue kwamba ananunua kifungo, na labda mauaji aliyoyafanya mwingine.

Lakini tuchukue kwamba cheti kipo. Je, bastola ingemfikisha nyumbani? Mvamizi huja silaha yake ikiwa tayari mkononi; yako i chini ya shati na mikono yako i kwenye baiskeli. Tarehe 8 Juni 2018 Ibrahim Abiriga, Mbunge wa Manispaa ya Arua, alipigwa risasi ndani ya gari lake karibu na nyumbani kwake, wilaya ya Wakiso. Alikuwa pamoja na mlinzi wake, na wote wawili walikufa. Tarehe 2 Mei 2023, siku moja tu baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, Charles Engola, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia kazi, aliuawa kwa risasi na askari aliyekuwa akimlinda.

West Nile tumeishi na bunduki tangu vita vya 1979 na 1980, watu wetu walipokimbilia Sudan na Zaire. Mkataba wa amani na UNRF II ulitiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, wapiganaji wakaziweka chini. Wazee wa Koboko hawahitaji somo letu katika jambo hili.

Kinachowindwa njiani ni bahasha ya mshahara. Mshahara ukipitia benki au simu, bahasha haipo. Wa zamu ya usiku wakitoka kumi pamoja, au wakipewa gari hadi njia panda, mvamizi ana hesabu nyingine ya kufanya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamdai mwajiri usalama wa mahali pa kazi. Barabara ya usiku yatubidi kuidai wenyewe katika mapatano. Ndugu yetu wa Midia na aandike majina ya wenzake wa zamu ile, saa wanazotoka na njia wanazopita, ampe katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.