Njoo Siku ya Kuhesabu

Mdogo wangu wa Kunduchi! Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimenyamaza. Na kwa kuwa mwezi huu si wewe peke yako uliyeniuliza habari za kujitolea, acha nikujibu hapa hapa barazani, wenzio nao wasikie.

Kwa mliochelewa kuingia: mdogo wetu ana miaka 23, chuo amemaliza mwaka jana, kazi bado. Jirani yao mmoja, mama muuza samaki, amemwalika kwenye kikundi cha kutunza mikoko. Wanachama wamebaki 11, karibu wote watu wazima, na wanatafuta vijana kwa udi na uvumba. Moyo wake unataka. Ila sayansi hakusoma, marafiki watamcheka wakimwona na tope hadi magotini, na mama mzazi ameshasema lake: "Yaani nimekusomesha ukapande miti ya bure?"

Nenda. Jibu nimelitoa mapema ili usisome ukiwa roho juu. Ila naomba usianzie siku unayoifikiria wewe.

Miaka kadhaa nyuma, ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilitupakia kwenye basi tukapande mikoko kuadhimisha Siku ya Mazingira. Fulana mpya za kijani, maji ya chupa, mpiga picha, bango lenye nembo. Tulipanda kama saa moja na nusu, tukala pilau, tukaondoka. Kuna picha yangu nimeupakata mche kama mtoto wa siku arobaini. Ile picha ilikaa kwenye simu yangu mwaka mzima, na kila aliyeniuliza habari za mazingira nilimwonyesha.

Mwaka uliofuata nikapita pale kwa shughuli zangu, natafuta kaa wa kununua. Mzee mmoja mvuvi, alipojua natoka ofisi ile, akaninyooshea kidole: "Shamba lenu lile." Nikatazama nisione shamba. Nilichoona ni tope na vijiti vyeusi vilivyoinama upande mmoja, kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Nikasogea, nikachomoa kimoja. Kilikuja na kiriba chake cha nailoni, mizizi imejiviringisha humo ndani, imekosa pa kutokea. Tulipanda na viriba! Labda tulielekezwa kuvivua, nasi tulikuwa tunatafuta mwanga mzuri wa kupigia picha. Yule mzee akaniambia hata tungevivua isingesaidia. Pale maji yanakaa muda mrefu mno, ni mahali pa nyasi bahari, si pa mkoko. "Mngetuuliza," alisema, akaendelea kutengeneza wavu wake.

Siku ile tulikuwa basi zima la wapandaji. Wa kurudi kutazama hakupatikana hata mmoja, nami nikiwemo.

Ndiyo maana, mdogo wangu, ukimwona huyo mama jirani usimwulize "mnapanda lini". Siku ya kupanda watu hawakosekani. Tarehe 5 Juni watakuja, tarehe 26 Julai, ambayo ni Siku ya Mikoko Duniani, watakuja, na viongozi watakuja na wapiga picha wao. Wewe mwulize, "Mnahesabu lini?" Akikuambia hawahesabu, basi kazi yako umeshaipata.

Kuhesabu kwenyewe si jambo la maabara. Mnachukua kamba, mnazungushia eneo, tuseme mita 10 kwa 10. Mmoja anatembea mstari kwa mstari akigusa kila mche na kuita: "Hai. Hai. Umekufa. Haupo." Mwingine ana rula ya mti iliyochorwa alama, anapima urefu. Wa tatu, na huyo ndiye wewe, anaandika kwenye kauntabuku. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu ukigusana na maji ya chumvi unabaki na ukurasa wa buluu. Andika tarehe, eneo, aina ya mti, mingapi hai, na pembeni kile unachodhani kimeiua: kaa wamekata shina, mbuzi wamekula majani, mchanga umefukia, au vile viumbe vidogo vyenye gamba vimejibandika kwenye shina hadi limelemewa. Baada ya miezi mitatu mnarudi pale pale. Daftari la namna hiyo, la miaka miwili tu, lina thamani kwa kikundi kuliko fulana za kijani za mji mzima.

Hofu ya sayansi iache nyumbani. Elimu ya pale wanayo hao wazee unaowaona wamechoka. Watakuonyesha kwamba mlilana hukaa mbele, unakopigwa na wimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, unataka tope laini la katikati na kandokando ya vijito. Mkandaa unapenda nyuma, na mchu una tabia ya mpangaji mzoefu, mbele anaishi, nyuma anaishi. Watakuonyesha pia kwamba mbegu ya mkoko huota ingali mtini, inaning'inia ndefu na ya kijani kama tunda la mlonge. Ikikomaa inatoka pete ya njano shingoni, ukiigusa inaachia yenyewe. Unaichomeka kwenye tope, ncha chini, kama theluthi yake hivi, basi. Haitaki hata kiriba. (Mnaona sasa ofisi yetu ilivyotumia fedha?) Fundi wa majahazi anajua mlilana hutoa mataruma, na wazee waliosafirisha boriti kwenda Uarabuni walijua mti upi unanyooka na unakatwa wapi. Unachoweza kuwaongezea wewe ni kuandika, maana mengi ya hayo yamo vichwani mwao tu.

Nikuambie kitu kuhusu kuhesabu, maana usije ukadhani ni ushamba wangu binafsi. Wangari Maathai alipoanza, tarehe 5 Juni 1977, walipanda miche 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Mingi ilikufa. Vuguvugu lake la Mkanda wa Kijani lilipokuja kukua, akina mama wa vijijini walilipwa kifuta jasho kidogo kwa kila mche uliosalia hai. Walikuwa hawalipwi kwa uliopandwa. Kwa hiyo mtu alilazimika kurudi, kumwagilia, kufukuza mbuzi, na kuhesabu. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2004 watu wanaikumbuka. Ile hesabu ya miche hai hawaikumbuki.

Na hapo jirani, Gazi na Makongeni katika kaunti ya Kwale, kuna mradi unaitwa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti ile. Fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Mnunuzi wa hewa ukaa hatoi pesa yake kwa kuonyeshwa picha. Anataka vipimo, miti mingapi, minene kiasi gani, mwaka hadi mwaka. Vipimo hivyo wanavipata watu waliokubali kuingia topeni na kamba na daftari. Sisemi kikundi chenu kesho kitauza hewa ukaa, ule ni mlolongo mrefu wa wataalamu na karatasi. Nasema tu kwamba hata huko mlango wake ni kauntabuku.

Kuhusu hao 11. Unaona wachache? Mwaka 1991, hapa hapa Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikaa barazani kwa Jane Goodall, yule bibi wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, wakazungumza yanayowakera mitaani kwao. Hapo ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi zaidi ya 60. Ukiingia wewe mtakuwa 12, na baraza mnalo.

Ila nisikupambie. Kuna mambo dada yako lazima akwambie.

La kwanza, utafanywa katibu kabla tope halijakauka miguuni. Wakisikia una diploma tu, tayari. Kataa kwa adabu, sema, "Wazazi wangu, nipeni miezi mitatu nijifunze kwanza." Katibu aliyeingia jana huandika muhtasari wa ugomvi asioujua chanzo chake, na ugomvi upo, kikundi gani hakina? Mkae pamoja kwanza. Ujue nani hasemeshani na nani na kwa nini mwenyekiti wa zamani haji tena. Na usifike na kundi lako la WhatsApp siku ya kwanza ukawafundisha kazi. Shikamoo zako zitangulie.

La pili, fedha. Omba kuiona katiba. Si ufedhuli, ni haki ya kila anayeingia. Uliza kiingilio na ada ni shilingi ngapi, akaunti iko wapi, wanaotia saini ni wangapi. Ukitoa ada, dai stakabadhi hata kama ni ya elfu mbili. Na tafadhali, tafadhali, pesa ya kikundi isiingie kwenye simu yako. Watakuambia, "Wewe kijana unaijua mitandao, tushikie tu hadi Jumatatu." Jumatatu ikifika utaambiwa ilikuwa zaidi. Nimewahi kushika, najua ninachosema.

La tatu, uliza kama wanatambulikana serikali ya mtaa na kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Misitu ya mikoko huku Bara ni hifadhi ya serikali, huingii ukakata wala ukapanda unavyojisikia. Pia kuna vikundi ambavyo mchana vinapanda na usiku mjumbe wake mmoja anauza magogo. Ukikuta hivyo, usijifanye askari. Ondoka, mweleze mtu mzima unayemwamini.

La nne nalisema kwa wasichana na wavulana pia: mikokoni haendi mtu peke yake. Maji yakianza kujaa, kile kijito ulichokivuka kifundoni unakikuta kiunoni. Na kiongozi anayetaka mkague miche wawili tu, wewe na yeye, jioni, huyo miche haimhusu.

Sasa mama. Usibishane naye. Ana hoja, na mwenye hoja hashindwi kwa hotuba ya hali ya hewa. Amelipa ada miaka mingapi, anataka kuona mwanawe anaamka anaenda kazini. Mimi siwezi kumwahidi kwamba kujitolea kutakupa ajira, nawe usimwahidi. Mpe kinachopimika. Mwambie ni Jumamosi mbili kwa mwezi, siku nyingine zote unatafuta kazi kama kawaida. Nauli usimwombe yeye, mkubaliane na kikundi mapema nani anagharamia nini, na wakishindwa, chagua siku unayoweza kwenda kwa miguu. Halafu baada ya miezi sita omba barua ya kikundi inayoeleza ulichofanya kwa majina yake: ulitunza kumbukumbu za upimaji wa miche, maeneo mangapi, mara ngapi. Kwenye wasifu wako hiyo inasomeka vizuri kuliko "napenda mazingira". Na kama anapenda kamba wa nazi, mkumbushe kamba wachanga wanalelewa kwenye mizizi ile ile. Akikaa kimya, mkoko ndio kwanza unaalika maua, usimharakishe.

Marafiki watacheka, ndiyo. Wiki mbili hivi. Ya tatu mmoja atauliza kama kuna nafasi.

Tumalize na ya miguuni. Ndala usivae, tope litazimeza zote mbili na utarudi peku. Raba kuukuu za kufunga kamba zinafaa, na soksi ndefu kwa sababu ya magamba ya chaza. Kanga moja ya kujifunga, nyingine kavu ya kurudia. Saa ya kuondoka usiipange kwa simu, ipange kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu ya Dar hupwa sana kuanzia kama saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Maji mafu usihangaike, hamtafika mstari wa mbele. Yule mama jirani anayajua haya bila kalenda. Mwulize usiku kabla ya kulala, kisha uchonge penseli mbili.

Na ukimwona, mwambie aniwekee kaa wanne wakubwa bamvua lijalo. Nitakuja kuwachukua mwenyewe, na raba zangu, tena niulizieni kama yule mzee wa wavu bado yupo.