Madini Haba katika Chakula cha Nguruwe Mzazi

Kwa mfugaji wa Handeni au Korogwe, chakula cha nguruwe kilicho karibu ni pumba za mahindi. Pumba hushibisha, lakini kushiba peke yake hakutoshi kwa nguruwe jike, ambaye hubeba mimba kwa siku zipatazo 114 na kisha kunyonyesha watoto wanane, kumi, au zaidi kwa pamoja. Pamoja na wanga na protini, anahitaji madini haba, yaani yale yanayopimwa kwa miligramu tu: chuma, zinki, shaba, manganizi, madini joto na seleniamu. Makala haya yanaeleza ni madini gani mtoto huyapata kupitia kwa mama yake, na ni yapi hayapati kwa njia hiyo.

Zinki iliyofungwa

Pumba zina zinki, lakini sehemu yake kubwa imeshikwa na kiini cha mimea kiitwacho fitati. Nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja fitati, hivyo zinki hutoka pamoja na kinyesi. Kalsiamu ikizidi, upungufu huongezeka. Mwaka 1955 wataalamu wa Marekani, Tucker na Salmon, walionyesha kuwa ugonjwa unaoifanya ngozi ya nguruwe kuwa na magamba magumu hutibika kwa kuongeza zinki. Basi mfugaji anayetia chokaa ya mifugo bila kipimo aweza kuuleta ugonjwa huo mwenyewe. Nguruwe mzazi anahitaji miligramu 100 za zinki katika kila kilo ya chakula.

Madini joto

Mama akikosa madini joto, watoto huzaliwa dhaifu, hawana manyoya, au wamekufa. Kinga yake ni rahisi: gramu 5 za chumvi ya jikoni yenye madini joto katika kila kilo ya chakula, na maji safi wakati wote.

Chuma hakipiti

Hapa ndipo wengi hupotewa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na miligramu zipatazo 50 tu za chuma, naye huhitaji kama miligramu 7 kila siku. Maziwa humpa miligramu 1. Kumwongezea mama chuma hakubadilishi maziwa yake kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana watoto walionenepa vizuri hupauka masikio na ufizi katika wiki ya pili au ya tatu, wakahema kwa nguvu, na wengine wakafa ghafla.

Tatizo hili huonekana zaidi katika mabanda ya sakafu ya saruji. Udongo mwekundu wa miteremko ya Usambara, juu ya Korogwe, una rangi hiyo kwa sababu ya oksidi za chuma, na nguruwe anayechimbua ardhi hupata kiasi fulani. Njia ya hakika ni sindano ya miligramu 200 za chuma katika siku 3 za mwanzo, kwa maelekezo ya afisa mifugo. Anayetumia udongo autoe mahali ambapo nguruwe hawajapita, kwa kuhofia mayai ya minyoo na homa ya nguruwe ya Afrika.

Namna ya kuchanganya

Mchanganyiko wa madini na vitamini ununuliwe uliotengenezwa kwa ajili ya nguruwe. Kwanza uchanganywe na kilo 1 ya pumba, kisha na kilo 10, ndipo utiwe katika chakula chote; ukimwagwa mara moja, nguruwe mmoja atakosa na mwingine atazidishiwa. Kuzidisha kuna hatari: seleniamu ya miligramu 0.15 kwa kilo hutosha, lakini miligramu 5 zaweza kudhuru.

Mwisho, mfugaji aandike kwa kila uzao idadi ya waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu, na waliofikia kuachishwa kunyonya. Vifo vya siku ya kuzaliwa vyaweza kutokana na lishe ya mama. Vifo vya wiki ya pili na ya tatu, pamoja na kupauka, vyaelekea kuonyesha kuwa chuma hakikutolewa.