Udongo Ulioingia Oili: Joto na Jua Vinasaidia Kiasi Gani?

Pita kwenye gereji za kando ya barabara Kawangware, au kwenye karakana za jua kali Kibera, utaona ardhi nyeusi inayonata chini ya viatu. Hiyo ni oili chafu ya injini, dizeli iliyotumika kuoshea spea na mafuta yaliyovuja kutoka kwa jenereta. Mvua ikinyesha, sehemu yake huoshwa hadi mitaroni. Mitaro ya Kibera huelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Ya Kawangware huingia katika vijito vinavyoungana na Mto Nairobi.

Je, udongo huo unaweza kusafishwa kwa kuuchoma au kuuanika juani? Njia za joto na mwanga zipo kweli, na zinatumika katika nchi nyingi. Lakini kila moja ina masharti yake. Masharti hayo yasipotimizwa, uchafu hauondoki. Unahama tu kutoka ardhini hadi kwenye hewa tunayovuta.

Kwa nini tujali

Oili iliyotumika si sawa na oili mpya. Ikizunguka ndani ya injini hukusanya masizi, chembe za vyuma na kemikali zinazotokana na mafuta yaliyoungua nusu. Mojawapo ya kemikali hizo ni benzopairini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba oili inayotolewa katika gari moja mara moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji.

Katika mitaa yetu hatari iko karibu. Watoto huchezea ardhi ile ile. Vibanda vya chakula hupakana na gereji. Mabomba ya maji ya plastiki hupita kwenye udongo, na kemikali nyepesi za petroli zinaweza kupenya plastiki hata kama bomba halijapasuka. Katika sehemu za Kibera, shirika la SHOFCO limepitisha mabomba juu ya nguzo, mbali na udongo na mitaro, lakini mabomba mengi bado yanapita chini.

Joto hufanya nini

Joto huyageuza mafuta kuwa mvuke ili yatoke kwenye udongo. Kila aina ya mafuta ina kiwango chake. Petroli huanza kutoka kwa joto dogo na nyingi yake huwa imeisha kufikia nyuzi 200 za Selsiasi. Dizeli huhitaji kati ya nyuzi 160 na 370 hivi. Oili ya injini ni nzito zaidi, na nyingi yake huhitaji zaidi ya nyuzi 300.

Katika mitambo ya kazi hii, udongo hupashwa joto ndani ya pipa kubwa la chuma linalozunguka. Joto la chini huwa kati ya nyuzi 90 na 320, na la juu kati ya 320 na 560. Jambo muhimu zaidi ni kwamba mvuke unaotoka haurushwi hewani. Hunaswa na kupozwa, au huchomwa katika chumba cha pili chenye joto kali zaidi hadi kemikali zivunjike.

Moto wa wazi hauna chumba hicho cha pili. Ukimwaga dizeli juu ya udongo na kuuwasha, tabaka la juu huungua vibaya na kutoa moshi mzito, huku tabaka la chini likibaki na oili yake. Mafuta ya transfoma, ambayo baadhi ya mafundi huyatumia katika mashine za kuchomelea vyuma, ni hatari zaidi. Ya zamani yanaweza kuwa na kemikali za PCB, na zikiungua kwa moto hafifu hutoa sumu kali zaidi kuliko zenyewe.

Tukumbuke pia kwamba mvuke wa petroli hushika moto haraka. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yaliingia mitaroni katika mtaa wa Sinai, Mukuru, yakalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Usiwashe moto juu ya udongo au mtaro wenye harufu ya petroli.

Mwanga hufanya nini

Kila mwenye kibanda Soko la Toi anajua jinsi jua linavyolichakaza turubai. Kazi hiyo hufanywa hasa na miale ya urujuanimno, sehemu ndogo ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo hiyo huvunja kemikali nyingi za mafuta, zikiwemo zile za jamii ya benzopairini. Wataalamu huweza kuongeza unga wa dioksidi ya titani, ile inayotumika katika rangi nyeupe, ili kuharakisha uvunjaji huo.

Nairobi ina jua la kutosha. Tuko karibu na Ikweta, na mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Shida ni udongo wenyewe: mwanga hauingii ndani hata milimita moja. Chini ya hapo ni giza. Kwa hiyo udongo lazima utandazwe mwembamba na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda mrefu. Kemikali nyingine zikivunjika nusu huyeyuka kwenye maji kwa urahisi zaidi, hivyo mahali pa kuanikia panahitaji sakafu isiyopitisha maji na paa angavu la kuzuia mvua.

Kuufunika udongo kwa karatasi angavu ya plastiki kunaweza kuupasha hadi nyuzi 50 hivi. Joto hilo hutoa petroli kiasi, lakini halitoshi kabisa kwa oili ya injini.

Hesabu ya gereji moja

Chukua gereji ndogo ya mita 4 kwa 5, ambayo oili imezama sentimita 10. Huo ni udongo wa mita za ujazo 2, karibu tani 3.

Tuseme tunautandaza juani kwa unene wa sentimita 2. Tutahitaji eneo la mita za mraba 100, yaani vyumba 11 vya futi kumi kwa kumi. Mwenye gereji Gatina au Lindi atapata wapi nafasi hiyo?

Tuseme sasa tunatumia joto. Ikiwa asilimia 15 ya uzito wa udongo ni maji, kuna lita 450 za kuchemsha hadi zikauke, zaidi ya mitungi 22 ya lita 20, kabla joto la udongo kupanda mno juu ya nyuzi 100. Ndiyo maana kazi hii huhitaji mtambo na fedha, na ndiyo maana mafundi werevu huanza kwa kuzuia oili isimwagike.

Kisichoondolewa na joto wala jua

Risasi, zinki na vyuma vingine havivunjwi na miale, na joto la mitambo hii haliviharibu. Vinabaki kwenye udongo, au vinapeperuka na vumbi udongo ukikauka. Mahali palipomwagika oili pamoja na maji ya betri, udongo unapaswa kupimwa maabara kabla ya kutibiwa kwa njia yoyote. Kamwe usiupande sukuma wiki.

Unachoweza kufanya leo

1. Fungua oili juu ya karai, si juu ya ardhi. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko na uandike OILI CHAFU. Usiichanganye na petroli, maji ya betri au mafuta ya transfoma.

2. Ikimwagika, funika mara moja kwa unga wa mbao au mchanga mkavu. Ikinyonywa, zoa kwa beleshi na uweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Usioshe kwa maji au sabuni kuelekea mtaroni.

3. Mpe oili chafu mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA pekee, na uombe kuiona leseni hiyo. Oili iliyokusanywa ikiwa safi huweza kusafishwa upya, au kuchomwa katika matanuri ya saruji yenye joto la nyuzi 1,450 hivi.

4. Pima mwenyewe. Weka udongo kidogo kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa, kisha acha utulie. Utando wa rangi za upinde wa mvua ni dalili ya mafuta. Utando wa namna hiyo ukiwa mtaroni, uguse kwa kijiti: ukivunjika vipande vipande, huenda ni wa bakteria wa chuma, ukijiunga tena, ni mafuta.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 93, inakataza kumwaga mafuta au kemikali hatari katika mazingira, na anayemwaga anaweza kuamriwa alipe gharama ya kusafisha. Hesabu ya hapo juu inaonyesha gharama hiyo ni ya uzito gani, hata kwa gereji ya mita 4 kwa 5.

Ukiona oili ikimwagwa mtoni au mtaroni, piga ripoti kwa afisa wa mazingira wa wadi yako, kwa chifu wa eneo, au kwa NEMA. Eleza mahali, saa na aina ya mafuta. Ukinusa petroli, ondoa watu kwanza, zima jiko na sigara, kisha upige simu ukiwa mbali.